Ukurasa Uliofutwa Herufi Nzito

Kitu cha kwanza ulichokiona kwake ni ukucha wa kidole gumba, uliopita chini ya kila mstari polepole, kama mtu anayetafuta mchwa kwenye mbao. Kwa miaka kumi na tisa alihariri vitabu vya maelekezo ya mitambo kiwandani. Mafundi walimwita Wino Mzito kwa sababu ya sheria yake moja: neno geni la kazi, likitajwa mara ya kwanza, liandikwe kwa herufi nzito na maana yake ifuate papo hapo.

"Wino Mzito, leo umenenepesha maneno mangapi?"

"Manne. Na yote yanakuzidi wewe akili."

Walicheka, ila walizoea. Hakuna aliyesoma kitabu kizima; neno likimtatiza mtu, alirudi nyuma kulisaka lilipokolezwa.

Mwaka huu meneja mpya alisema kurasa zina madoadoa, maandishi yote yafanane. Wino Mzito alibisha mara moja tu. Mwenye nguvu mpishe. Akazifuta herufi nzito zote.

Ukurasa wa hamsini uliagiza: toa mvuke baki kabla ya kufungua kifuniko. Mvuke baki ni ule unaosalia ndani hata mtambo ukishazimwa. Maana hiyo, na koki ya kuutolea, vilikuwa ukurasa wa kumi na nane. Shemeji yake, mume wa dada yake na fundi wa hapohapo kiwandani, alirudi nyuma akapekua. Kurasa zote zilifanana kama mchele. Akatazama mtambo, akauona umezimwa, akadhani inatosha. Akafungua. Mvuke ukampiga machoni.

Siku ya tisa baada ya ajali, kwenye benchi nje ya wodi, Wino Mzito alimweleza dada yake yote.

"Kwa hiyo ulijua ni hatari?"

"Nilijua, dada. Niliogopa kufukuzwa."

Dada yake alikunja kanga yake mapajani, akaikunjua. "Mimi usiniombe radhi. Macho si yangu. Utamwambia mwenyewe, akikutazama."

"Na asipo..."

"Funga mdomo wako!"

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Ingieni. Daktari anafungua bendeji."

Shemeji alikuwa ameketi wima kitandani, kichwa kimeviringishwa kitambaa cheupe. Akasikia nyayo.

"Huyo mwenye hatua za woga ni shemeji yangu. Njoo mbele hapa, shemeji. Nisianze na sura ya daktari, nitaugua tena."

Wino Mzito akasogea, akasimama palepale alipoelekezwa. Daktari akafunga pazia, akakifungua kitambaa, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Usifumbue mpaka nikuambie," akasema.