Sampuli ya Ukaguzi Tumeinywa

Leo akina mama wa kikundi changu wamepika sampuli ya ukaguzi. Wakainywa. Na mkaguzi akanywa nao.

Ngojeni niwaeleze.

Kikundi chetu hapa Sumbawanga kinauza unga wa ulezi, na faida inakwenda kwenye uji wa watoto wa shule. Tunaomba kutambuliwa rasmi kama biashara ya kijamii, na leo mkaguzi alikuwa anakuja.

Mimi katibu nikaacha pakiti ya sampuli mezani, imefungwa vizuri, nikaenda stendi kumpokea.

Tunarudi, pakiti haipo. Kuna sufuria ya uji.

"Mgeni katoka safari na baridi hii, tumwangalie tu?" akasema Mama Regina, mwenyekiti wetu, wala hana wasiwasi.

Jasho likanitoka, na baridi yote ile. Nyie mngefanyaje?

Mkaguzi akapuliza kikombe chake, akauliza, "Nani aliamua?"

"Sisi wote. Tulipiga kura."

Akacheka. Akasema kila kikundi kinaandika kwenye maombi yake kwamba wanachama ndio wanaoamua, ila yeye huwa hawaoni wakiamua. "Leo nimewaona."

Pakiti nyingine akaichukua mwenyewe stoo. Majibu bado, lakini aliomba kuongezewa uji.

Alipoondoka nikamfuata mwenyekiti. "Mama, mnapigaje kura mimi sipo?"

"Yako tuliihesabu, mwanangu. Tuliiweka kwa waliokataa."

Akaanza kukusanya vikombe.

"Ulikuwa peke yako."