Siku Niliyoruka Viunzi vya Mbwa

Kinyozi wangu wa mtaa wa Chikongola aliniapia kwamba kwenye mafunzo ya mbwa ya kuruka viunzi, mbwa haruki mpaka mwenye mbwa aruke kwanza. Nami, mhitimu wa masomo ya jioni mwenye cheti ukutani, nikaamini kabisa.

Jambo lenyewe halikuwa mzaha. Ghala moja la korosho lilitaka mlinzi mwenye mbwa aliyefaulu mafunzo hayo, na mimi na mbwa wangu Kamanda tuliitaka kazi ile kufa na kupona. Masharti niliyatimiza yote: chanjo, mkanda wa shingoni, na mbwa asishibe kabla ya mtihani. Kisha nikajiandaa mwenyewe. Nilitambaa chini ya kitanda na kuruka madumu ya maji uani hadi mke wangu akauliza, "Baba Zuhura, anayeajiriwa ni wewe au mbwa?"

"Wote wawili!"

Siku ya mtihani, ndiyo mara yetu ya kwanza kufika uwanjani, filimbi ikalia. Niliruka viunzi kama swala, nikapenya kwenye bomba kwa tumbo, suruali ikachanika mpaka Kilambo kule mpakani wakasikia. Kamanda, kwa kunusa dagaa wa kumtuza niliowatia mfukoni, alinifuata kila mahali bila kukosea. Watu walishangilia hadi wengine wakakaa chini. Nikainua mikono kama bingwa.

Mwalimu wa mafunzo, mama mmoja mpole, akanijia akijifuta machozi ya kicheko.

"Hongera, kaka. Mbwa wako amefaulu, kazi ya ghala ni yenu. Ila anayetakiwa kuruka ni mbwa. Mwenye mbwa hukimbia pembeni tu."