Kwanza Msikiti, Kisha Sisi

Kwetu Tabora, mtu akituuliza asili yetu tulijibu neno moja, jina la mji wa Oman: Ibra. Baba alijibu hivyo kwa sababu babu alijibu hivyo. Hakuna aliyewahi kutuuliza zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya sabini tukahamia Oman. Sote tulisema "tumerudi", ingawa mimi na Baba hatukuwahi kuiona. Nilipata kazi ya ukarani katika ofisi moja Nizwa, nikaambiwa nilete uthibitisho wa uraia kabla ya Jumatano kwisha, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Utaratibu ulikuwa huu: shekhe wa kijiji chenu cha asili aandike kwamba anawatambua, kisha liwali wa wilaya agonge muhuri. Jumatatu asubuhi mimi na Baba tukawa Ibra, kwenye ofisi ya liwali.

Karani alisoma jina la kijiji, tulilolitoa kwenye barua ya zamani ya babu. Akatikisa kichwa.

"Kijiji hiki si cha wilaya yetu. Kiko Mudhaibi."

"Sisi ni watu wa Ibra," Baba alisema kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio ya karani.

Kosa hilo lilikuwa letu, na nililikuta baadaye kwa familia nyingi zilizotoka bara. Sharqiyah, upande wa mashariki zilipo Ibra na Mudhaibi zote mbili, ni eneo kubwa. Ndani yake mna wilaya, na kila wilaya imekusanya miji na vijiji vilivyo jirani chini ya liwali mmoja. Lakini wazee waliosafiri zamani hawakuhesabu hivyo. Wao walijitambulisha kwa soko walikouza tende zao, na soko la babu lilikuwa Ibra. Alipofika Tabora, kijiji kikadondoka njiani, likabaki soko.

Nyuma yetu kwenye foleni alikuwapo mzee mmoja aliyekulia Unguja. Alimsikia Baba akininong'oneza kwa Kiswahili, akacheka.

"Ndugu yangu, Kiswahili chako kina vumbi la reli! Wa Tabora wewe?"

"Shikamoo," nikamwahi, kabla Baba hajakasirika.

"Marahaba, binti yangu. Usilie bado. Mimi napita njia ya huko na pikapu. Lakini shekhe wao hasaini kwa sura tu. Mwaka huu amewarudisha watu wawili."

Tukapanda pikapu yake. Vumbi liliingia dirishani, Baba akashika barua ya babu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Nilihesabu: leo shekhe, kesho muhuri, keshokutwa Nizwa. Hapakuwa na siku ya kupotea.

Kijijini wanaume waliingia barazani kwa shekhe. Mimi nilikaribishwa chumba cha pili na wanawake wa nyumba ile, wakanipa tende na kahawa. Mlango ulikuwa wazi. Niliwaona na kuwasikia wa barazani.

Shekhe aliichukua barua, akaiweka pembeni. "Barua mtu yeyote huokota. Niambie, maji ya babu yako yalikuwa zamu gani?"

Mzee wa Unguja akamfasiria Baba. Lazima nieleze: huko shamba hunyweshwa na falaji, mfereji wa maji ya mlimani, na kila ukoo una zamu yake. Mipaka ya wilaya huchorwa upya, zamu ya maji hurithiwa.

Baba aliitazama barua kule pembeni. Alizaliwa Tabora, kwenye maji ya kisima na ndoo. Angejua nini?

"Sijui," alisema hatimaye. "Wallahi sijui. Najua tu utani wa baba yangu. Tulipojipanga kuoga, watoto saba na ndoo moja, alikuwa akituita: kwanza msikiti, kisha sisi, kisha nyumba ya kipofu! Tukadhani ni mchezo."

Mzee wa Unguja alifasiri huku akicheka. Shekhe hakucheka. Alimwita mtu aliyekuwa nje, wakanong'onezana. Mama aliye karibu nami akanishika mkono, akaniambia neno moja nililolielewa: "Subiri."

"Nyumba ya kipofu," shekhe akasema, "ni ile yenye mlango wa kijani. Hakuna kipofu humo tangu kabla sijazaliwa. Jina limebaki. Na zamu ya maji iliyo kati yake na msikiti anaitumia shangazi yako. Leteni kalamu."

Muhuri wa Mudhaibi tuliupata Jumanne. Jumatano saa nne niliiweka karatasi yenye muhuri mezani Nizwa, nikapewa kazi.

Baba alihuzunika siku kadhaa. "Kumbe nimewadanganya watu maisha yangu yote?" Nikamwambia hapana, alitaja soko badala ya nyumba, basi.

Kazi yangu pale ikawa kujaza fomu za watu kama sisi. Kila aliyesema "Ibra" au "Nizwa" haraka haraka, bila kufikiri, nilimvutia kiti. "Kaa, ndugu yangu. Tuna muda. Babu yako alikuwa akisema nini ambacho hamkukielewa?"