Mama Mkwe na Mnavu wa Nyumba ya Kona

Daktari alimwambia mama mkwe wangu atembee nusu saa kila siku kwa sababu ya presha. Yeye, aliyetoka Burundi hadi kambini Kigoma kwa miguu, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, alimtazama yule kijana akauliza, "Nitembee kwenda wapi?" Nilimtafsiria daktari kwamba amekubali.

Basi Agosti ile, ambayo huku ni mwisho wa baridi, kila asubuhi kabla sijapanda treni kwenda zamu yangu Westmead, tulizunguka mitaa ya St Marys, yeye mbele na kitenge juu ya sweta mbili, mimi nyuma nikipiga miayo. Jirani wetu wa nyumba ya kona, mzee wa Kizungu aliyeishi peke yake, alitusimamisha akatuonyesha mti wake uliojaa maua ya manjano. Alisema ni dalili kwamba baridi inaisha.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Kwamba maua yale yakitoka, joto liko karibu."

"Yanaliwa?"

"Hayaliwi, Mama."

"Sasa anatusimamisha kwa nini?"

Mimi nilianza kuangalia. Niliona ndege weusi kwa weupe wakibeba vijiti, nikasikia harufu ya yasmini kwenye uzio wa shule. Nilimwonyesha mama, hakujali. Macho yake yalikuwa chini kama ameangusha pete.

Siku moja ambayo sikuwa na zamu, alisimama mbele ya nyumba ya kona. Kando ya bomba la maji mnavu ulikuwa umechipua, majani laini kabisa.

"Kumbe Mungu huku nako anafika," alisema, akaingia bila hodi na kuanza kuchuma, makalio yameelekea barabarani.

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akatoka, nami nikaanza kuomba radhi. Hakukasirika, aliogopa.

"Hiyo ni sumu," aliniambia. "Itawaua."

Nikatafsiri. Mama hakuinua hata kichwa. "Mwambie nimelea watoto sita kwa sumu hii."

Tuliupika kwa karanga tukaula na ugali. Kesho yake, jua halijapanda vizuri, mzee alibisha hodi akiwa na pajama.

"Nimekuja tu kuona kama mko hai," alisema.

Mama alitokea nyuma yangu akitafuna kiporo. Mzee alimkodolea macho, akingoja aanguke. Mama akamvutia kiti, akamwekea sahani. Mzee alikula kijiko kimoja, sijui kwa adabu au kwa kukata tamaa, kisha akaweka mikono magotini akasubiri kifo. Kilipochelewa, akaomba chai.

Tangu hapo aliacha kupulizia dawa ya magugu pale bombani. Mama alikwenda kuchuma apendavyo, mzee akimtajia maua kwa Kiingereza, mama akimsimanga kwa Kiswahili kwa kumwagilia nyasi zisizolisha hata mbuzi.

Oktoba mama akavuka mpaka. Aling'oa miwaridi miwili ili mnavu upate nafasi. Mzee alinifuata nyumbani, akaniomba nimweleze mama taratibu kwamba ile ilipandwa na marehemu mkewe.

Nilimweleza. Mama alikaza kitenge chake kiunoni. Kisha akachukua jembe akaenda kuipanda tena, akipiga magoti kwenye tope, mzee amemshikia ndoo.

Mmoja ulikufa. Wa pili ulishika.