Moshi wa Domitila

Katika mikoko ya Tumaco, mwanamke anayebeba makumbi ya nazi yanayofuka moshi wa kufukuzia mbu ndiye anayewatangulia waokota kombe wenzake. Domitila aliyabeba miaka mingi, mpaka mwenzao Rosmira alipomnyang'anya mume, kisha na makumbi pia.

Asubuhi moja Rosmira, akiwatangulia na makumbi, alishika njia ya mkato, akazama topeni hadi mapajani.

"Dada Domitila, nivute basi."

"Kwenda kwa mume wangu hukuzama, shoga. Leo tope limekushinda?"

Wanawake wakacheka. Domitila alimvuta, akayachukua makumbi kutoka mikononi mwake, akatangulia akikanyaga mzizi hadi mzizi. Hakugeuka nyuma. Alisikia nyayo zote zikimfuata, za Rosmira zikiwa za mwisho.