Hedifoni Zote Mbovu

Mdogo wangu ana mdomo, na mdomo huo umemponza tangu utotoni. Tukigombana nyumbani, mimi nimeshachoka, yeye ndiyo kwanza anaanza. Sasa ni mtu mzima, dijei wa klabu, watu wanamwita Sumu, na bado hajui kunyamaza. Wala simsemi kwa chuki. Nimemlea mwenyewe, kwa hiyo kumsema ni haki yangu.

Siku hiyo alikuja kunitoa kwenye cherehani, nguo za watu zimejaa mezani, eti nimsindikize akachague hedifoni. Mwenye klabu alikuwa amempa onyo la mwisho. Kwa wiki kadhaa nyimbo zilikuwa zikigongana: huu haujatoka vizuri, ule umeshaingia na mdundo wake, watu wanaacha kucheza wanabaki wakitazamana. Sumu akasingizia hedifoni, kwamba zimechoka. Bosi akamwambia haya, njoo na mpya, nyimbo zikigongana tena usirudi. Ana mke na watoto, na kazi nyingine haijui.

Dukani akaanza vituko vyake. Ukweli usemwe, kazi yake anaijua. Hizi hapana, vikombe vya masikioni havizunguki, atazivaaje sikio moja? Maana dijei ndivyo afanyavyo: la kushoto linasikiliza wimbo unaokuja, la kulia linabaki wazi kusikiliza ukumbi. Zile waya wake mfupi, akisogea kidogo umechomoka. Hizo nazo sponji yake italiwa na jasho. Mwenye duka, mama mmoja aliyekunja uso kama kala ndimu, alikuwa akishusha maboksi huku anasonya. Nikamsonya na mimi. Mdogo wangu namtukana mimi, siyo yeye.

Mwishowe zikapatikana zenye kila alichotaka. Akaweka kikombe kwenye sikio la kushoto, akasikiliza, akazivua. Mbovu, akasema, upande wa kushoto umekufa. Akaletewa nyingine za aina ileile. Mbovu. Nyingine tena, mbovu. Akamwambia yule mama kwamba duka lake ni jalala na yeye mwenyewe ni mwizi wa mchana kweupe. Wapita njia wakaanza kujaa mlangoni.

Mama akatoka nyuma ya kaunta. Akamnyang'anya zile hedifoni, akazigeuza, kikombe cha kulia akakibandika kwenye sikio la kushoto la Sumu, akaongeza sauti.

"Haya, huu siyo ule upande uliosema umekufa. Unasikia?"

"Huu nao umekufa," akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, na wimbo nilikuwa nausikia ukivuja humo, kinanda na maneno yake yote. Mungu wangu, mtoto huyu ni kiziwi wa sikio moja na hajui, au anajua na anapigana na dunia nzima ili asijue.

Yule mama naye alishaelewa, lakini hasira zake zilikuwa bado juu. Akamwambia avae kulia. Sumu akavaa, kichwa kikaanza kutikisika kwa mdundo, akasema basi yameisha, atahamia upande huo, ni mazoea tu.

"Na ukumbi utausikiliza kwa lipi?" mama akamwuliza.

Nikamwambia auze vitu vyake aache udaktari, nani kamwomba. Hakunijali, macho yake yalikuwa kwa Sumu, anasubiri jibu. Na mimi nikawa nasubiri. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani mdogo wangu abishe, atukane, afanye lolote. Akanyamaza.

Akazivua, akazikunja polepole, akamsukumia mama azifunge.

"Za nini sasa?" nikamwuliza, nikiwa nimeshahamia upande wake wa kulia.

"Bosi alisema niende na hedifoni mpya," akasema. "Masikio hakuyataja."