Visanduku Viwili vya Mama Mitambo

Miaka ishirini na sita Mama Mitambo aliendesha injini za dizeli katika kituo cha umeme cha mji wao. Jina hilo walimpa wenzake, kwa kuwa aliweza kukaa chumba cha pili na kikombe chake cha chai, akasema, "Namba tatu inakohoa." Mafundi wakienda, kweli wanakuta nozeli ya kupulizia mafuta imeziba.

Siku moja ikaja barua: kituo kitafungwa baada ya miaka miwili. Kila mfanyakazi achague mafunzo, ama ya umeme wa jua, ama ya mtambo wa nyuklia utakaojengwa. Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu, lakini ilimkosesha raha wiki nzima.

"Nyuklia? Mke wangu, hayo si mambo ya mabomu?" alisema mumewe, mwalimu mstaafu.

Mdogo wa Mama Mitambo, mpiga picha za eksirei hospitalini, akaangua kicheko. "Shemeji, mimi nashinda na mionzi, mbona sijaota pembe? Huo moshi wa dizeli anaouvuta dada ndio wa kuogopa."

"Basi achague jua."

"Likizama, wagonjwa wangu tuwawashie nini?"

"Si kuna betri?"

"Za mji mzima? Umeziona wapi?"

Mama Mitambo aligeuza shingo huku na huku. Kila aliyesema alimwona ana haki, mpaka mwenzake afungue kinywa.

Jumamosi akaenda kwenye mkutano wa mradi, akanyoosha mkono. "Mwanangu mhandisi, hayo mabaki ya nyuklia mtayaweka wapi?"

"Kwenye mapipa ya chuma na zege, mama."

"Kwa muda gani?"

"Mengine, maelfu ya miaka."

Ukumbi ukaguna. "Na mlinzi wake nani, miaka yote hiyo?"

Mhandisi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, nikisema najua nitakuwa nakudanganya. Bado tunalijadili. Ila moshi wenu nao hauna mlinzi, unakwenda unakotaka."

Alikuja kutafuta jibu. Akarudi kichwa kizito zaidi.

Jumatatu alitia alama visanduku vyote viwili. Ofisa utumishi akamrudishia fomu. "Kimoja tu, mama yangu."

"Wewe ungechagua kipi?"

"Mimi? Namshukuru Mungu sikuulizwa."

Akafuta kile cha jua. Kwa nini, hata mwenyewe hakuweza kueleza vizuri. Labda ni kwa sababu yule mhandisi hakumdanganya, labda alitaka kuwa karibu aendelee kuuliza.

Sasa yuko mwezi wa nne darasani, mkubwa kuliko mwalimu wake. Juzi mumewe alimkuta ameinamia michoro.

"Haya, umeelewa?"

"Mtambo naanza kuuelewa," alisema. "Kama nilifanya vyema, hilo bado." Akafunua ukurasa mwingine.